Sufuria ya maharagi na hesabu ya watu Goma

Barabara ya Sake ikifungwa kwa siku mbili tu, bei ya makala, yaani makaa ya kupikia, hupanda mtaani Ndosho, Goma, kabla jua halijazama. Kwenye foleni ya wanunuzi husikii mtu akitaja tabianchi. Unasikia "makala imepanda tena", kisha unaanza ubishi wa miaka yote. Mmoja anasema watu wamezidi, mji umejaa, mbuga ya Virunga haiwezi kulisha mbabula (majiko ya makala) zote hizi. Wa pili anamjibu kwamba idadi si neno, shida ni wakubwa wa dunia wanaobeba coltan ya Rubaya na kobalti ya Kolwezi, madini ya simu na betri, huku sisi tukipuliza moto kwa mdomo. Wa tatu, mara nyingi kijana wa chuo, anasema umeme ungetosha mambo yangekwisha.

Wote watatu wana hoja. Wanachokosea ni kudhani kwamba hoja moja inaifuta nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wawili wa Marekani, Paul Ehrlich na John Holdren, waliliweka jambo hili katika umbo la kuzidisha. Mzigo ambao watu wanaubebesha mazingira ni idadi yao, mara kiasi ambacho kila mmoja anatumia, mara uharibifu unaofanyika ili kukizalisha kile kinachotumiwa. Jambo la kushika hapo ni kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha. Katika kujumlisha unaweza kuuliza kipi ni kikubwa zaidi na kukilaumu hicho peke yake. Katika kuzidisha, ukipunguza kimoja kwa nusu, jibu lote linapungua kwa nusu, hata vile vingine vikibaki palepale. Lakini kimoja kikiongezeka mara mbili, kinakula kazi yote uliyoifanya kwingine.

Hebu tuifanye hesabu hiyo kwa sufuria ya maharagi. Nimechagua maharagi kwa sababu hayana huruma na moto: yanachemka saa mbili, tatu, na yakiwa ya zamani hata zaidi.

Chukua gunia la makala la kilo 50. Mchomaji wa kawaida anafunika kuni kwa majani na udongo, anawasha, anangoja siku kadhaa. Tanuru la namna hiyo linapoteza sehemu kubwa ya mti kwa moshi na majivu, kiasi kwamba kilo moja ya makala inaweza kuhitaji kilo 8 za kuni kavu, au zaidi ikiwa mchomaji ana haraka au anajificha walinzi wa mbuga. Kwa kipimo hicho gunia letu limemeza kilo 400 za kuni. Tanuru likijengwa vizuri, kuni zikakaushwa na hewa ikadhibitiwa, kuni kilo 4 zinaweza kutoa kilo moja ya makala. Gunia lilelile sasa ni kilo 200.

Tuje nyumbani. Mbabula ya bati tupu inatupa joto pembeni kila upande, ndiyo maana ukiisogelea inakuunguza miguu. Ile yenye udongo uliochomwa ndani inalibakiza joto chini ya sufuria na kuokoa theluthi ya makala, wakati mwingine nusu. Chukua theluthi, tusijipendelee. Chakula ambacho kwanza kiligharimu kilo 400 za kuni sasa kinagharimu kama 133. Msitu uleule unapikia watu mara tatu, na bado hatujawaambia kina mama waloweke maharagi usiku, jambo ambalo wengi wao wanalijua kuliko wataalamu wanaokuja kuwafundisha.

Kwa hiyo teknolojia inashinda? Ngoja kidogo.

Kuna kanuni fupi: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, unapata miaka ya kuongezeka maradufu. Kongo inakua kwa zaidi kidogo ya asilimia 3 kwa mwaka, maana yake inajirudia maradufu kila miaka ishirini na kitu. Sensa ya mwisho ya taifa ilikuwa 1984, ikahesabu watu kama milioni 30. Leo makadirio ni zaidi ya milioni 100. Miji inakua haraka kuliko nchi. Tuseme mji unakua kwa asilimia 6: maradufu kwa takriban miaka 12, mara tatu kwa miaka 18 au 19. Faida yote ya tanuru jipya na mbabula mpya, hata kama kila nyumba ya Goma ingezipata kesho asubuhi, ingekuwa imeliwa mtoto anayezaliwa leo akiwa anamaliza sekondari. Mbabula bora inanunua muda, na muda huo ni mali kubwa, lakini lazima ujue unautumia kwa nini.

Hapa yule wa kwanza kwenye foleni anatabasamu: si nilisema watu wamezidi? Lakini Goma haijai kwa kuzaa peke yake. Mwezi Julai 1994, kwa siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka, wakapigishwa kambi Mugunga, Kibumba, Katale, pembeni kabisa ya mbuga. Walihitaji kupika jioni hiyohiyo. Hakuna mpango wa uzazi ambao ungeiokoa ile miti. Vita vilivyofufuka mwishoni mwa 2021 vikawasukuma watu wa Rutshuru na Masisi hadi kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lac Vert, na miteremko ya volkano ya Nyiragongo ikavuliwa nguo tena. Mkulima aliyekuwa akipika kwa matawi makavu ya shambani kwake Kibumba anageuka kuwa mnunuzi au mkataji makala siku anapolala chini ya turubai. Ni mtu yuleyule, tumbo lilelile. Kilichobadilika ni mahali alipo na namna anavyopata moto. Anayesema "tuzae kidogo" na kuishia hapo hana jibu kwa ongezeko la namna hii, kwa sababu linaletwa na bunduki.

Kuna jambo jingine kuhusu neno "kujaa". Kongo ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3 na kwa wastani si nchi iliyosongamana. Rwanda, ukivuka tu mpaka wa Gisenyi, ina watu mara kumi hivi zaidi kwa kila kilomita ya mraba. Msongamano wetu ni wa kona hii, penye udongo wa volkano unaootesha kila kitu na baridi inayopunguza malaria. Na hata ndani ya kona hii ardhi haikugawiwa sawa. Masisi kuna malisho makubwa ya ng'ombe mikononi mwa watu wachache tangu enzi za Mobutu, na pembeni yake familia zinalima vipande vya mteremko ambavyo mvua moja inaweza kuvishusha bondeni. Ukisema ardhi haitoshi bila kutaja hilo, umesema nusu.

Bado uzazi ni suala, na sipendi namna wengine wanavyolikwepa kwa kuogopa kuonekana wanasema lugha ya wafadhili. Utafiti wa kitaifa wa 2013-14 uliona mwanamke wa Kongo anazaa kwa wastani watoto 6.6. Rwanda, ambako 2005 wastani ulikuwa 6.1, ulishuka hadi 4.1 kufikia 2019-20. Tuko jirani, tunanunua sokoni kwao na wao kwetu, na vyakula ni vilevile. Kilichotofautisha si mahubiri. Watoto waliacha kufa kwa wingi, kituo cha afya kikawa karibu na wahudumu wakafika mpaka vijijini, wasichana wakakaa shuleni zaidi, na njia za uzazi wa mpango zikapatikana mwezi huu na mwezi ujao pia. Mzazi aliyeona watoto wake wawili wakizikwa hawezi kuambiwa azae wachache. Atakaponusurika wa tatu na wa nne, hesabu inabadilika kichwani mwake mwenyewe. Ndivyo ilivyokwenda karibu kila mahali: vifo vinashuka kwanza, uzazi unafuata baadaye, na katikati ya hatua hizo mbili kuna kipindi cha watu kuongezeka kwa kasi. Kongo iko ndani ya kipindi hicho.

Na hata uzazi ukishuka kesho hadi watoto wawili, idadi ingeendelea kupanda kwa miaka mingi, kwa kuwa karibu nusu ya Wakongo hawajafika miaka 15. Hao wote watakuwa wazazi. Wakizaa wachache namna gani, watakuwa wazazi wengi kuliko walivyokuwa wazazi wao. Kwa hiyo anayetarajia uzazi wa mpango uokoe msitu ndani ya miaka kumi anaukosea msitu na pia anaukosea uzazi wa mpango, ambao sababu yake ya kwanza ni afya ya mama.

Mwaka 1798 Mwingereza Thomas Malthus aliandika kwamba watu wanaongezeka kwa kuzidisha na chakula kinaongezeka kwa kujumlisha, kwa hiyo njaa ndiyo itakayoamua. Uingereza ikamkatalia, kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa ardhini, kwa mbolea, kwa ngano iliyotoka ng'ambo. Mwaka 1965 Mdenmarki Ester Boserup aliigeuza hoja: watu wakibanana, ndipo wanapobuni namna ya kulima zaidi mahali padogo. Nadhani Goma inawahitaji wote wawili, kwa vitu tofauti. Kwa sombe (kisamvu) na viazi, Boserup ana haki zaidi. Kwa msitu wa asili juu ya mwamba wa lava, Malthus anasogea karibu, kwa sababu mti huo hauharakishwi.

Msitu una ukuaji wake wa mwaka. Ukivuna kiasi kilichoota mwaka huo tu, utavuna daima. Ukivuna zaidi, unafanya kama mama wa genge anayepikia nyumbani kwake mboga za kuuza: mwezi wa kwanza hauoni tofauti, biashara inaendelea, kumbe unakula mtaji. Virunga imekuwa mbuga tangu 1925, ina kilomita za mraba karibu 7,800, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Makala yake yamelisha zaidi ya mbabula. Yamelisha makundi yenye silaha, ambayo hutoza njia na tanuru. Mwaka 2007 gorila wa mlimani wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na uchunguzi ukayahusisha mauaji hayo na biashara ya makala. Walinzi wa mbuga zaidi ya mia mbili wameuawa kazini kwa miaka yote hii. Sufuria ya maharagi ina safari ndefu nyuma yake.

Sasa yule wa pili, wa coltan. Hesabu ya kuzidisha inampa haki kubwa pale kwenye kipengele cha kiasi anachotumia kila mtu. Kwa hewa ya ukaa inayotoka kwenye petroli, gesi na makaa ya mawe, Mmarekani mmoja kwa mwaka hutoa tani zaidi ya 13. Mkongo hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani moja. Familia ya mtaa wetu wa Majengo yenye watoto wanane haifikii, kwa kipimo hicho, mtu mmoja wa huko mwenye gari na kiyoyozi. Rubaya pekee hutoa takriban asilimia 15 ya coltan ya dunia, na Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa. Tunachimbua vitu vya maisha ya wengine.

Ila kipimo cha petroli hakihesabu miti. Ukiihesabu, picha inabadilika: Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa upotevu wa msitu wa asili wa kitropiki, na sehemu kubwa ya upotevu huo ni mashamba madogo na makala, si viwanda. Tunatumia kidogo sana kila mmoja, lakini hicho kidogo tunakipata kwa njia ghali mno kwa ardhi. Ndiyo kipengele cha tatu cha kuzidisha, na mtu maskini ndiye anayebanwa nacho zaidi, kwa kuwa vifaa vinavyookoa nishati vinataka fedha ya mkupuo wakati yeye ananunua makala kwa kopo.

Umeme, basi. Inga 1 ilianza kazi 1972, Inga 2 mwaka 1982, kwa pamoja kama megawati 1,775, na maporomoko hayo yana uwezo wa zaidi ya 40,000. Waya wa Inga hadi Kolwezi unapita juu ya vijiji kwa takriban kilomita 1,700 bila kushusha umeme, kwa kuwa ulijengwa kulisha migodi. Kivu iko mbali na waya huo. Kilichosaidia huku ni vituo vidogo vya mito inayotoka mbugani: kituo cha Matebe, huko Rutshuru, kilichozinduliwa mwishoni mwa 2015, kina megawati 13.6. Ni habari njema kweli. Lakini fanya hesabu ndogo: jiko la umeme la sahani moja hula kama kilowati 1. Nyumba 13,600 zikiwasha saa moja ya jioni, Matebe imekwisha, kabla ya taa moja kuwaka, kabla ya kinu cha unga, kabla ya pampu ya maji. Na Goma ina nyumba nyingi mno kuliko hizo.

Ndiyo sababu nyumba nyingi zenye umeme bado zina mbabula uani. Umeme unawasha taa, televisheni, simu. Maharagi yanabaki kwa makala. Hilo si ukaidi. Umeme ukikatika sufuria ikiwa katikati, chakula kimeharibika na fedha imekwenda. Kinachobadilisha hesabu ni sufuria ya umeme ya presha, iliyofungwa na kuzuia joto kutoka, ambayo inaivisha maharagi kwa sehemu ndogo ya umeme wa sahani, na inaweza kuwashwa saa tisa mchana wakati mji hautumii sana. Jambo la kuchekesha, au la kuliza, ni kwamba katika maji ya vilindi vya ziwa Kivu tunaloliangalia kila siku kuna mita za ujazo kama bilioni 60 za gesi ya metani. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukizalisha megawati 26 kutokana nayo tangu 2016.

Ziwa lenyewe linafundisha kuhusu namna mbili za uhaba ambazo tunazichanganya. Maji hayajapungua. Kivu ni kilomita za mraba kama 2,700, na bado mtu wa Karisimbi, hapahapa Goma, ananunua bidoni ya lita 20 iliyobebwa kwa chukudu (kigari cha mbao) au pikipiki, kwa sababu mwamba wa lava unameza mvua, hauna mito juu yake, na mabomba yanayopanda kutoka ziwani hayafiki. Lava ya 22 Mei 2021 iliharibu tena sehemu ya mtandao huo. Hapo watu hawajazidi maji. Mabomba yamezidiwa na watu. Sambaza, wale samaki wadogo, ni habari nyingine. Hawakuwemo Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959 na wakawa kitoweo cha pwani nzima, ishara kwamba mali ya asili inaweza hata kuongezwa. Lakini wanapovuliwa kwa vyandarua vya matundu madogo pwani wanakokulia, wachanga wanatoka kabla hawajataga, na hapo hakuna bomba litakalosaidia. Uhaba wa kwanza unatibiwa kwa kujenga. Wa pili unatibiwa kwa kujizuia, na kujizuia ni kugumu kama jirani yako hajizuii.

Kuhusu miti, jibu lisilo na kelele limekuwepo kwa muda: kupanda kuni kama mtu anavyopanda mihogo. Mpango wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007, uliwasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda mikaratusi na miti mingine inayokua haraka kwenye mashamba yao, ili makala yasitoke mbugani. Mkaratusi unaweza kuvunwa kwa miaka sita hadi minane na ukachipua tena kwenye kisiki. Unakunywa maji mengi, na wazee hawaupendi karibu na chemchemi, wana haki. Kwenye mteremko uliochoka ambao hauoti maharagi tena, sioni mti unaoushinda kwa kazi hii.

Ugumu uko kwenye ile miaka sita hadi minane. Mkulima wa Masisi au Nyiragongo anayepanda leo lazima aamini kwamba shamba litakuwa lake wakati wa kukata, kwamba mwenye malisho hatadai mpaka, kwamba hatalala kambini msimu ujao huku mwingine akiangusha miti yake kwa ajili ya gunia. Wengi wameshaona yakitokea, kwa hiyo wanapanda kinachoiva kwa miezi mitatu. Mjini ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Mpangaji wa mtaa wa Katoyi ameshatoa garanti ya miezi kadhaa kwa mwenye nyumba na hana uhakika wa mwaka ujao. Hatalipia waya mpya wala mita, na mwenye nyumba hapiki kwenye uwanja ule, kwa hiyo naye halipii. Katika ile hesabu ya Ehrlich na Holdren hakuna nafasi ya kuandika nani ana hakika ya kukaa. Goma ingeihitaji, na ningeiandika mwanzoni kabisa, kabla ya idadi ya watu.